Kiti Kinachorudi Nyuma

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kumfuata binti yangu shuleni. Mazoezi ya kwaya yalikuwa yamekwisha, na mlinzi alikuwa amenipigia kwamba mtoto amebaki peke yake getini. Nikabonyeza kitufe, gari likawaka.

Watu huniuliza: kati ya toleo la zamani na hili jipya, lipi bora? Yote mawili nimeyamiliki, nitasema bila kumung'unya maneno. La zamani lilikuwa gumu kama mume wangu. Usukani mzito, ufunguo wa kuzungusha, ukipita kwenye shimo kiuno kinakupa habari. Lakini lilishika barabara, hilo nalikubali. Hili jipya ni kimya, usukani unaugeuza kwa kidole, na kiti kinakumbuka dereva wake anavyokaa.

La zamani mume wangu hakuniachia hata siku moja. Akinikuta kwenye usukani alifungua mlango na kusema neno moja tu: "Hama." Alipofariki likawa langu, likaanza kunizimikia kila jioni. Mafundi wakasema halina tatizo. Nikaliuza, nikachukua hili kwa jina langu. Nilichobakiza ni kirungu cha gia, cha mbao, kinachojaa kiganja. Fundi alikifunga kwenye gari jipya.

Jioni hiyo nilikuwa nashuka mteremko...

Mzzzz...

Kiti kikaanza kurudi nyuma. Taratibu. Sikuwa nimegusa kitu. Kikaenda hadi mwisho, panapomtosha mtu mrefu, miguu yangu ikaachana na pedali. Harufu ikajaa ndani... sigara na mafuta ya nywele. Kwangu hakuna aliyevuta sigara tangu tumzike.

Kirungu kikapata moto kiganjani.

"Hama..."

Niliogopa, sisemi uongo. Kisha nikamfikiria mwanangu pale getini, giza likimkuta, na hofu ikageuka hasira.

"Sihami!" nikasema. "Umekaa hapa maisha yako yote. Sasa ni zamu yangu."

Nikajiburuta hadi ukingoni mwa kiti, nikakanyaga breki kwa ncha ya kiatu. Gari likatii. Nikaendesha hivyo hivyo, nimeng'ang'ania usukani, mpaka shuleni.

"Mama, mbona umekaa hivyo?"

"Panda nyuma, mwanangu. Twende."

Tulipofika nyumbani nikampigia mama mkwe.

"Mama, lile gari la zamani mlilifanyia nini?"

Akanong'ona, "Nililizindika. Nilitaka lisimkubali dereva mwingine, wezi wasije wakamwibia mwanangu. Dawa iko kwenye kirungu... Mkwe wangu, liuze na hilo."

"Siuzi, mama. Gari ni langu."

Kesho yake fundi akaking'oa kirungu, mama mkwe akakichoma kwa mkono wake mwenyewe. Nikashusha pumzi.

Jioni, kiti kikarudi nyuma.

Basi nikanunua mto mnene, nikauweka mgongoni. Marehemu akikirudisha kiti, mto unanisukuma mbele, naendesha. Tumeshindana hivyo jioni baada ya jioni. Aliyezoea kuamrisha hachoki upesi, lakini na mimi sikuolewa nikiwa bubu.

Jana kiti hakikurudi.

Badala yake kengele ikalia. Ting... ting... ting... Ni ile inayolia abiria akikaa bila kujifunga mkanda. Binti alikuwa nyuma, amesinzia. Pembeni yangu hapakuwa na mtu. Lakini ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea, na ile harufu ilikuwa palepale.

Nikakaza macho barabarani.

"Hili ni gari langu," nikamwambia. "Ukipanda, funga mkanda."

Mkanda ukavutika, polepole...

Klik.

Kengele ikanyamaza. Nikatia gia, tukaenda nyumbani watatu.