Makadirio ya Damari

Chumba cha seva kilianza kunuka maziwa. Sisemi maziwa ya chai, nasema yale ya kifuani, yanayoganda kwenye kanga ya mzazi. Damari aliisikia harufu hiyo asubuhi moja ya baridi ya Iringa, ile inayokata masikio. Akatafuta kama kuna mtu kaacha chupa ya mtoto, hakuona kitu. Na funguo za chumba kile anazo yeye peke yake.

Damari ndiye mtu wa kompyuta wa hospitali moja ya mlimani, nje kidogo ya Kihesa. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa pale pale, akalia kidogo, akanyamaza, akazikwa hata jina hajapewa. Kwa hiyo mimba hii ya pili aliibeba kwa hofu, anatembea kama mtu aliyebeba mayai.

Balaa lilianzia kwenye diski. Hospitali ilipotaka kuhamishia kumbukumbu za wagonjwa kwenye hifadhidata, Damari alipiga makadirio kama inavyotakiwa: mstari wa mgonjwa mmoja unakula nafasi kiasi gani, zidisha kwa wagonjwa wote, ongeza faharasa za kutafutia majina, ongeza ukuaji, maana kila mtu akirudi kliniki mistari inaongezeka, kisha acha nafasi ya kupumulia. Edmund, katibu wa hospitali, aliyasoma akacheka.

"Diski yote hii ya nini, Damari? Unataka kuhifadhi na malaika?"

"Bosi, ikijaa mfumo unasimama. Hakuna atakayepokelewa."

"Basi toa wafu. Maiti ana kliniki gani?"

Loo! Na mtu huyo kanisani anakaa benchi la mbele. Ikanunuliwa diski ndogo, na gari la ofisi likavaa matairi mapya. Damari akafuta wafu. Wengi walikuwa vichanga, wale ambao wauguzi huwaandika kwa jina la mama tu: Mtoto wa Matilda, Mtoto wa Faustina. Alipofika kwa Mtoto wa Damari kidole kiligoma. Alilia, kisha akabonyeza.

Sasa ndiyo hayo maziwa, na diski inajaa mbio. Jumapili moja, kliniki zote zimefungwa, alikwenda kuangalia akakuta taa za seva zinapepesa, kuna kitu kinaandika. Akafungua jedwali la kliniki ya watoto. Mtoto wa Matilda, kilo nane. Mtoto wa Faustina, kilo saba na nusu, ameota meno. Wale aliowafuta walikuwa wamerudi, wanapimwa uzito kama wenzao walio hai, wanakua, mstari juu ya mstari, hata chini kabisa akaliona jina alilokuwa analiogopa, Mtoto wa Damari, kilo tisa, anasimama dede, na papo hapo nyuma ya kabati la seva kitu kidogo kikaguna kama mtoto anayetafuta ziwa, kikaguna kingine kwenye dari, na kingine chini ya kiti alichokalia.

"Kilo tisa," alinong'ona. Mungu amsamehe, alifurahi.

Kesho yake alimleta Bi Saida, mama wa Kihesa anayesomea watu wenye majini. Bi Saida alikuja na ubani wake, akafika mlangoni, akagoma kuingia.

"Jini ningelifukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa ni watoto wenu, nitawafukuzia wapi? Wanataka nafasi, mwanangu. Wapeni."

"Na wasipopewa?"

Bi Saida alilitazama tumbo la Damari, akauzima ubani. "Watajitafutia. Usiwafute tena, nakuomba."

Damari alimwendea Edmund, akamweleza aliyoyaona na maneno ya Bi Saida, akaomba diski kubwa. Edmund hata kalamu hakuiweka chini.

"Diski mwakani, bajeti ikipita. Leo watu wako foleni na mfumo umeandika nafasi imejaa. Futa, au nimpe kazi hiyo mwingine, na wewe ukajifungue usirudi."

Kazi ile ndiyo iliyokuwa inamlisha. Akafuta. Mashine ikamjibu bila huruma: watoto mia mbili na sita wameondolewa. Diski ikapata nafasi, harufu ikakatika ghafla, na Edmund akapiga makofi. "Majini yenu hayo ni uvivu tu!"

Wiki haikuisha, gauni la Damari likawa halifungi. Alikwenda kwa Bertha, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, akapanda kitandani kwa shida. Bertha akaweka tumboni kile kikombe cha kusikilizia mapigo, akainamisha sikio, akakihamishia kulia, akakihamishia kushoto, akakishusha chini ya kitovu, akakipandisha mpaka mbavuni, na kila alipokiweka alikuta moyo mwingine unadunda, huku chumba kizima kikianza kunuka maziwa na ngozi ya tumbo ikiinuka na kushuka, vifundo vidogo vidogo vikigombea mahali.

"Dada Damari," Bertha alisema, "ngoja kwanza. Nahesabu."

"Usijisumbue," Damari akasema, machozi yakimtiririkia masikioni. "Ni mia mbili na sita. Na huyu wangu, kama wamemwachia nafasi."