Mke Wangu, Mlango Uko Wazi

Chombo cha ukutani kilisema mlango uko wazi, na mlango ulikuwa umefungwa.

Bi Kufuli aliacha vyombo kwenye beseni, akaenda sebuleni akijifuta mikono. Akashika kitasa, akavuta. Komeo lilikuwa mahali pake na ufunguo ulining'inia tunduni. Akarudi jikoni. Hakuwa na hofu yoyote. Ukweli ni kwamba alifurahi, na balaa lilianzia hapo.

Jina hilo la Kufuli lilikuwa la mumewe. Marehemu alikuwa mchonga funguo, mwenye kibanda chake nyuma ya soko, na mtu yule hakuweza kulala kabla hajazunguka nyumba nzima akigusa kila kitasa. Kwa bahati yake, akaoa mke msahaulifu wa milango. Walipopata chombo kile, simu ya nyumbani na mlinzi kwa pamoja, chenye sumaku mlangoni na king'ora chini ya dari, mzee aligundua kwamba unaweza kukitilia sauti yako mwenyewe badala ya ile ya kiwandani inayoonya mlango ukiachwa wazi. Akajifungia chumbani, akakohoa, akasema maneno machache tu: "Mke wangu, mlango uko wazi." Mwishoni kicheko kilimponyoka, na hakukifuta.

Wakaishi wakitaniana hivyo, mpaka siku alipoanguka kibandani, tupa yake ya kuchongea funguo mkononi, akafa kabla hajafikishwa hospitali.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka, Bi Kufuli alitoka kumwaga maji, akasahau mlango. "Mke wangu, mlango uko wazi," sauti ikasema sebuleni, na kicheko kile kile mwishoni. Ndoo ilimtoka mkononi. Alikaa palepale kwenye maji akalia mpaka koo likamkauka. Tangu siku hiyo hakusahau tena. Aliufungua kwa makusudi. Kila jioni, giza linapoanza kuingia, saa ambayo wenzake huita watoto ndani na kubana milango, yeye aliusukuma wa kwake ukawa wazi kabisa, akaketi kusikiliza. Hakuwahi kujiuliza ni nani mwingine anayepita nje saa ile, akaona nyumba iko wazi na ndani kuna mtu anangoja.

Kwanza ilikuja harufu: unga wa chuma na mafuta ya mashine, harufu ya mikono ya mzee. Akaivuta kwa pumzi ndefu, akashukuru. Halafu funguo zikaanza kulia koridoni, kitita kizima, zikipita taratibu kutoka chumba hadi chumba. Halafu ile sauti ikawa inasema hata komeo likiwa limefungwa, mchana, alfajiri, wakati wowote inapotaka, na kicheko cha mwishoni kikawa kinarefuka. Harufu nayo ikageuka. Sasa ilikuwa ya chuma cha zamani kilicholala majini, yenye ubichi wa damu ndani yake, ikakaa kwenye mapazia na kwenye mto wa upande wa pili wa kitanda, ule ambao hakuna mtu aliyeulalia na ambao kila asubuhi ulikutwa umebonyea katikati.

Bintiye, muuguzi aliyeishi naye, ndiye aliyeleta habari. Kampuni ilikuwa imetangaza redioni kwamba vyombo vyote vya aina ile virudishwe, kwa kuwa betri zake zinavimba na kushika moto, na nyumba kadhaa zimeshaungua. Alikuwa amekwisha kupiga simu. Fundi angekuja kesho yake kukichukua. Mama akasema hakiendi popote. Binti akagusa ukuta chini ya chombo, akautoa mkono haraka kwa joto.

"Mama," alinong'ona, maana siku hizo wote wawili walikuwa wakinong'ona bila kujua kwa nini, "baba hayumo humo."

"Najua hayumo. Sauti yake imo. Wewe una uso wake, ukijitazama kwenye kioo unamwona. Mimi nina nini?"

Binti alimkumbatia mama yake wakalia pamoja, huku koridoni funguo zikipita, zikafika nyuma ya mlango wa sebule, zikatulia kama mtu anayetega sikio.

Fundi alikuwa mwanamume mnene, mcheshi. Aliingia na ngazi yake akiisimanga kwamba siku moja itamkana, akachomoa bisibisi, akafungua mfuniko. Hapo utani ukamwishia. Bi Kufuli alimshika mkono wa shati akamwomba jambo moja tu: aihamishe ile sauti, aitie popote, hata kwenye simu ya binti.

"Samahani sana, mama. Hakuna cha kuhamisha. Sehemu inayotunza sauti imeungua ikawa mkaa. Na spika hii, waya wake umekatika kwa moto zamani. Ona, buibui ameshajenga. Chombo hiki hakijasema neno kwa miezi."

"Kimesema leo asubuhi," binti alisema polepole. "Nilikuwa napiga mswaki."

Fundi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akakiweka chombo kwenye sanduku lake la bati, akalifunga, na kuelekea mlangoni alitembea kwa upande, mgongo ukutani, asiipe korido kisogo. Ngazi yake aliisahau.

Bi Kufuli alibaki akitazama alama nyeupe ukutani. Kumbe mumewe alikuwa amenyamaza zamani, na yeye hakujua ni jioni ipi, hakupata hata kumsikiliza vizuri mara ya mwisho. Uchungu huo ulizidi hata ule wa mazishi.

Wakakubaliana kwenda kwa shangazi jioni ile ile, na kutafuta mtu wa dua kabla ya kurudi. Binti alitangulia getini na mabegi, teksi ikisubiri. Mama alitoka, akauvuta mlango, akazungusha ufunguo, ule ambao mzee aliuchonga mwenyewe, akauchomoa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akausukuma mlango kwa kiganja kuhakikisha, kama alivyozoea kufanya mumewe, na alipokuwa bado ameuegemea akasikia huko ndani funguo zikija koridoni, zikivuka sebule, zikija bila haraka yoyote mpaka zikasimama upande wa pili wa ubao ule ule, karibu kiasi kwamba harufu ya chuma chenye maji ilipenya tundu la ufunguo ikamgusa mdomo.

"Mke wangu," sauti ikasema, "mlango umefungwa."

Maneno hayo mumewe hakuyaacha kwenye chombo chochote. Bi Kufuli alijua si yeye, alijua kama anavyolijua jina lake. Lakini mwishoni kilikuja kicheko, kifupi, cha kuponyoka, kile cha siku ile chumbani.

"Mama, twende," binti aliita getini.

Bi Kufuli aliinama mpaka midomo ikakaribia tundu.

"Sema tena," akanong'ona.

Ndani funguo zikalia mara moja.

"Fungua kwanza."

Na ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake.