Gauni la Kijani Haliuzwi

Jamani, nyote mnaopita hapa mnaliona lile gauni la kijani dukani kwa fundi, na mnauliza bei. Haliuzwi. Ngojeni niwaambie, maana mimi mpiga pasi ndimi jirani yake, na katika kosa lake nami nina fungu langu.

Fundi huyu tulimwita Jicho. Hakumpima mwanamke kwa tepu hata siku moja. Mteja alisimama mlangoni, Jicho akamtazama mara moja kwa heshima zake, akaandika vipimo kwa chaki, na nguo ikamkaa kama kazaliwa nayo. Pembeni yake alikaa mkewe, shemeji yangu, akishona vifungo na kuimba kwa sauti ya chini. Duka lilikuwa na raha, wallahi.

Kisha akatumiwa video za uchi kwenye simu. Akazitazama mara moja, akazitafuta mara ya pili. Ikawa kila adhuhuri yumo nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na cherehani imenyamaza.

Muuza vifungo, mama mtu mzima, alimkanya mbele yetu. "Mwanangu, hayo yanaharibu."

"Yanamharibu nani, mama? Nimemgusa mtu?"

Mimi nikadakia, na mdomo wangu huu: "Mwacheni mwenzenu, macho hayana pazia!" Tukacheka sana. Leo nikiukumbuka mzaha ule nasikia aibu.

Nguo zikaanza kurudi. Hii imebana kiuno, ile inapwaya kifuani. Mteja mmoja akamwambia, "Fundi, uliyempima si mimi." Jicho akasingizia kitambaa.

Ndipo dada wa shemeji akataka kuolewa, na Jicho akamshonea mkewe gauni hilo la kijani la kuvaa harusini. Siku tatu alishona. Asubuhi ya Jumamosi shemeji akalivaa, nami nipo na pasi yangu. Kiuno kikagoma kufunga. Kifuani likapwaya.

"Huyu uliyemshonea ni nani?"

"Nimekosea kidogo, mke wangu. Nitalifumua."

"Miaka kumi na mitano hujanikosea. Hata nikiwa na mimba hukunikosea. Haya, fumba macho. Kovu langu liko bega lipi?"

Akafumba. Pasi ilikuwa inaniunguza kidole na sikuthubutu kuiweka chini.

"Wananijaa wale wa kwenye simu," akasema, machozi yakimtoka. "Nikikutafuta wewe, wanakuja wao."

Shemeji akalivua nyuma ya pazia lile lile, akalitundika, akaenda harusini na nguo yake ya zamani. Huu mwezi wa nne hajarudi kwa mumewe. Jicho ameiacha simu ile, ana ya vitufe tu, lakini ananiambia bado wanamjia, hata akiwa anatunga uzi. Siku hizi anapima kwa tepu na kutazama namba peke yake.

Juzi shemeji alikuja kuchukua sare za watoto. Jicho akainuka na tepu mkononi. "Niruhusu nikupime. Nitalirekebisha."

Shemeji akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Siku utakayonijua bila tepu, nitumie salamu."

Kila Jumamosi Jicho huniletea lile gauni nilipige pasi. Nalipiga. Nikifika kiunoni, nageuza uso, maana hakuna mtu duniani ambaye linamwenea.

Funzo

Ndugu zangu, msibishane tena kama picha za uchi zina madhara au hazina. Nimebishana mimi, nikashinda, na rafiki yangu akapoteza mke. Picha hizo hazipiti tu. Zinakaa, na mahali zinapokaa palikuwa pa mtu wako. Umwonapo mwenzako anajificha nazo, usimchekee kama nilivyocheka. Mkanye mapema. Nawe uliye nazo mfukoni, fumba macho sasa hivi umtafute mkeo, umtafute mumeo, uone ni nani atakayekuja.