Harufu Isiyopimwa na Mashine

Kila Jumamosi mama alipofungua karakana, kazi yangu ilikuwa kuandika namba za mashine ya kupimia moshi wa magari. Mama ndiye fundi. Wateja waliniita Pua, maana mboga haiungui jikoni kwetu kabla sijapiga kelele.

Siku moja lililetwa basi dogo la shule, lile linalombeba mdogo wangu. Wiki nzima alikuwa akishuka anakohoa, macho mekundu, nami roho haikutulia. Mama akachomeka kipimo kwenye bomba la moshi. Namba zote zikatoka nzuri.

"Si nilisema? Gari zima hili!" dereva akatamba. "Nipe stika, Fundi, niwahi zangu."

Nilipopita nyuma ya basi, pua ikaniwasha. "Mama, kunanuka kama banda la kuku!"

Dereva akaangua kicheko. "Mashine imelipitisha, wewe unaleta habari za kuku?"

Niliona aibu. Lakini nikamkumbuka mdogo wangu. "Njoo unuse mwenyewe, anko."

Mama akaja, akanusa kwa mbali, akazima injini. "Mtoto kasema kweli. Hiyo ni amonia. Mashine hupima gesi zilizotajwa kwenye kanuni, na amonia haimo. Kwenye bomba mna masega, kile chombo cha kusafisha moshi. Injini ikinywa petroli kupita kiasi, masega huondoa sumu nyingine lakini hutengeneza amonia."

"Basi tuyang'oe!" dereva akadakia.

"Thubutu! Ukiyang'oa, watoto watavuta sumu zote."

Mama akaingia chini ya basi. Sensa inayosaidia kupima petroli ya injini ilikuwa imekufa, na chini ya siti ya nyuma, anapopenda kukaa mdogo wangu, bomba lilikuwa na ufa uliopenyeza moshi ndani. Akabadilisha sensa, akachomelea ufa. Injini ilipowashwa tena, harufu ilikuwa imekwisha. Ndipo akatoa stika.

Jumatatu mdogo wangu alishuka akirukaruka, bila kikohozi. Dereva akanipungia mkono. "Shikamoo, Pua!" Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni mama alichora safu mpya kwenye daftari, akaandika juu yake: *Harufu*.

"Mwanangu, namba uliziandika sawasawa, ungeweza kufunga daftari ukaenda kucheza," alisema. "Ukiona jambo haliko sawa, liseme, hata kama mashine imesema safi na watu wanakucheka."