Siku Shaibu Alipokula Mlenda

Shaibu anauza vitenge na kanzu hapa Makole. Babu zake walifika Dodoma na misafara, wakiuza nguo, na yeye hajaiacha kazi hiyo. Mimi ni jirani yake. Tangu nistaafu, kila asubuhi nakaa kwenye benchi la duka lake. Tunataniana mpaka wateja wanasahau walichofuata.

Mwaka jana Shaibu alianza kusikia kiu. Ilikuwa kiu kali. Bwawa zima la Mtera lingemtosha kwa wiki moja tu. Sawa, hapo nimeongeza kidogo. Lakini alikunywa sana maji na kukojoa sana, na alikuwa amekonda. Alipopimwa, daktari akamwambia ana kisukari. Akampa dawa, na akamwambia apunguze sukari na vyakula vya wanga.

Shaibu alitii, kwa namna yake. Sukari ya kwenye chai aliiacha siku hiyohiyo. Ugali mweupe akauacha, akanunua unga wa uwele, kwa sababu alisikia kuwa huo ndio unga wa wenye kisukari. Basi akaona unga huo hauna kipimo. Mke wake, Sabiha, alimsongea ugali mkubwa ajabu. Nilimwambia ndege zikianza kutua uwanja mpya wa Msalato, marubani itabidi waukwepe.

Tena kulikuwa na zabibu. Shaibu ana mizabibu nyuma ya nyumba. Kila jioni Sabiha alimkamulia juisi, jagi zima.

"Hiyo si sukari?" nilimuuliza.

"Sukari ni ile ya kiwandani," akajibu. "Hii ameitia Mungu mwenyewe. Unataka nimkatalie?"

Nikapiga funda moja. Na mimi glasi ilikuwa mkononi.

Siku moja kiatu kipya kilimchubua Shaibu kidole gumba cha mguu. Hakusikia maumivu, maana miguu ilikuwa imeshaanza kufa ganzi. Sabiha ndiye aliyeona doa la damu kwenye mkeka. Kidonda kilisafishwa, kikafungwa, lakini hakikupona. Tukaenda kliniki pamoja.

Daktari alisema, "Mzee, sukari yako bado iko juu sana. Ikibaki hivi, kidonda hakitafunga. Tunaweza kulazimika kukata kidole."

Maneno hayo sijayaongeza. Niliyasikia kwa masikio yangu.

Njiani Shaibu alitembea ameinamisha kichwa. Tulipofika dukani nikajaribu kumchangamsha.

"Kidole kimoja tu, bwana. Kanzu itafunika."

"Vinaanza kimoja kimoja, Eliakimu," akasema taratibu. "Ulimwona marehemu kaka yangu. Alianza na kidole, akaishia na magongo. Na mimi nataka kusimama kwa miguu yangu siku ya ndoa ya Yusra."

Nikamsogezea benchi akae.

Yusra ni binti yake, anafanya kazi katika ofisi za serikali kule Mtumba. Jumamosi akatuchukua sisi watatu, baba, mama na mimi, akatupeleka kwenye mgahawa mpya. Ukutani waliandika Mboga Kwanza. Mwenyewe anaitwa Generosa, zamani alikuwa afisa lishe.

"Hospitali nyingine hii," Shaibu alinung'unika mlangoni. "Tutaletewa majani ya kuchemsha, halafu tudungwe sindano."

Tuliingia. Harufu ya kitunguu saumu, tangawizi na karanga za kukaanga ilitupokea kabla ya mtu yeyote. Meza ziling'aa. Kila meza ilikuwa na limao na pilipili, na haikuwa na kikopo cha chumvi.

Kijana mhudumu, jina lake Iddy, akaja na birika na beseni.

"Shikamooni."

"Marahaba," tukaitikia.

Akatunawisha maji ya vuguvugu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna mwenye sukari au presha hapa? Kuna chakula ambacho mtu hatumii?"

Shaibu akamtazama kwa mshangao.

"Nimekula hoteli nyingi," akasema. "Huwa naulizwa wali au ugali, basi. Leo naulizwa habari za mwili wangu." Kisha akakumbuka jambo. "Kuku wenu wanachinjwa na nani?"

"Abdulrahim wa sokoni, mzee."

"Huyo namjua. Lete."

Sahani ikaja. Nusu nzima ilikuwa mboga: mlenda wa kuvutika uliochanganywa na karanga, majani ya maboga, na kachumbari iliyong'aa kama shanga. Upande mmoja kulikuwa na kuku wa kuchoma aliyeondolewa ngozi. Upande wa pili kulikuwa na ugali wa uwele, ukubwa wa ngumi.

"Huu ni wa kuonja?" Shaibu akauliza.

"Ndio wenyewe, mzee. Anza na mboga."

"Mlenda," akasema, akinigeukia mimi Mgogo. "Maisha yangu yote nawacheka Wagogo kwa kula kamba. Leo kamba imenifuata mjini."

Akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akafumba macho. Akameza polepole. Nawaambia, hata feni ya darini ilisimama ili imtazame. Yusra anasema umeme ulikatika. Kila mtu na alivyoona.

Alipofumbua macho, aliongea kama mtu aliye msikitini. "Sabiha. Onja hiki."

Sabiha akaonja. Na yeye akamega tonge jingine. Nami, niliyelelewa kwa mlenda, sikuwahi kuula ukiwa hivyo. Ulikuwa na ukali wa limao, harufu ya tangawizi na utamu wa karanga, na chumvi kidogo sana.

"Nani kapika hiki?" Shaibu akauliza.

Generosa akatoka jikoni, akavuta kiti, akakaa nasi. Shaibu akamweleza habari ya kidole, na jinsi alivyobadilisha unga.

"Uwele ni mzuri, mzee wangu," Generosa akasema. "Lakini bado ni wanga. Ukila mlima mzima, sukari inapanda. Kula kiasi cha ngumi. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe kuku, samaki au maharage."

"Na juisi ya zabibu?" Yusra akauliza.

Shaibu akamkanyaga chini ya meza, kwa ule mguu mzima.

"Jagi moja linakula vishada vingapi?" Generosa akauliza. "Sukari yote ya vishada hivyo unaimeza kwa mara moja. Acha juisi. Ukitamani zabibu, tafuna punje chache. Kunywa maji."

"Basi nikila hivi, dawa naacha?"

"Hapana. Dawa endelea nazo kama daktari alivyokuandikia. Chakula kinaisaidia dawa, hakikai mahali pake. Kidonda kisafishwe kliniki. Na kila siku ukague miguu yako, hata katikati ya vidole. Usitembee pekupeku."

Sabiha alifuta mikono. Kisha akamwambia Generosa lililomkaa moyoni.

"Mwanangu, nikimwekea mume wangu ugali wa ngumi, wageni wakaona, watasema namnyima chakula."

Generosa hakucheka. "Jaza sahani, mama. Ijaze kwa mboga mpaka ukingoni. Njoo jikoni nikuonyeshe."

Wakaondoka. Sabiha aliporudi, buibui lake lilikuwa na unga wa karanga, na alikuwa anatabasamu.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilibadilika. Ugali ulipungua, mboga zikaongezeka. Jagi likawa la maji. Zabibu zikagawiwa kwa majirani, na mimi nilijitolea kupokea nyingi. Shaibu alikunywa dawa zake, alienda kufungwa kidonda, na kila jioni Sabiha alimkagua miguu kwa tochi.

Siku ya kliniki ilipofika, nesi alifungua bendeji. Sote tuliinama. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na ngozi mpya, laini, kama ya mtoto mchanga. Shaibu alikitazama kidole chake kama mtu anayeonyeshwa mjukuu wake wa kwanza.

"Sukari imeshuka vizuri," daktari akasema. "Kidole kinabaki. Endelea hivyohivyo."

Ndoa ya Yusra ilifungwa baada ya mavuno ya zabibu. Shaibu alisimama kwa miguu yake, akamwozesha binti yake kwa sauti iliyosikika mpaka Buigiri, nje kabisa ya mji. Chakula kilipotengwa, wageni waliona pilau kidogo na mabakuli makubwa ya mlenda. Wengine walinong'ona. Kisha wakaonja. Mlenda uliisha, pilau likabaki.

Shaibu akaja kukaa nami mkekani, na sahani mkononi.

"Kula, Mgogo," akasema. "Siku zote hizi mmetuficha utamu huu."

Alikuwa amevua viatu. Nikamtazama miguuni. Vidole vyote vilikuwepo. Nilivihesabu, na hapo sijaongeza hata kimoja.