Palipokuwa na Tanuri la Casimira

SAA MBILI ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa Doña Eufrasia kilinuka mafuta ya nguruwe. Feni ilikuwa inasukuma joto kutoka ukuta huu hadi ule, basi. Managua haina asubuhi. Ina joto, halafu ina joto zaidi.

"Mtalii ni mmoja. Mwanamke, Mhispania," alisema Eufrasia, bosi wao, huku akichambua maharage. "Ana mkoba wa ngozi. Ndani mna jiwe la kijani, kazi ya watu wa kale. Hauachi hata akienda chooni."

"Nimeliona kwa macho yangu," alidakia Eliseo. Yeye alikuwa bawabu wa hoteli, na mchongo wote ulikuwa wake. "Anataka teksi ya kumzungusha mjini. Nampakia kwa Wilmor."

"Unamzungusha mpaka alegee," Eufrasia akamgeukia Wilmor, dereva wa teksi. "Halafu nyuma ya kiwanda cha sabuni. Eliseo ananyakua. Wewe unapiga yowe la mwizi kuliko mwenye mali."

"Nitalia kama mjane, Doña."

Wakacheka. Kwa Wilmor hii ilikuwa kazi ya mwisho. Alikuwa amemwapia bintiye, Yorleni, ambaye mama yake alivuka mpaka kwenda Kosta Rika asirudi tena. Akidakwa, mtoto hana mtu. Hana mtu ila Eliseo, aliyemsimamia ubatizo. Tangu siku ile wanaume hao wawili waliitana kompadre. Ndugu unazaliwa naye. Kompadre unamchagua mwenyewe.

Nje, Eliseo alimvuta pembeni.

"Kompadre, kiwandani wameweka mlinzi mpya. Mlete palipokuwa na tanuri la mama yako. Usimwambie Doña, atatuvurugia."

Wilmor akatabasamu. Jiji zima huelekezana kwa vitu vilivyokwisha kufa: palipokuwa na mti fulani, palipokuwa na sinema kabla ya tetemeko. Lakini tanuri la marehemu Casimira lilibomolewa zamani mno. Lilibaki anwani ya watu wawili tu, waliokuwa wakiiba mikate yake utotoni.

SAA TANO

Mhispania alijiita Begoña, na alitaka kuona kila kitu. Wilmor akampeleka kwenye kanisa kuu la zamani lenye nyufa, akampeleka gatini ziwani, akampitisha kwenye miti ya chuma yenye taa, pambo la barabara kuu. Mwanamke akapiga picha, jasho likimchuruzika, mkoba mapajani.

"Joto hili ni la binadamu kweli?"

"Hili? Hii ni baridi, senyora. Uje Aprili."

Akacheka kwa moyo. Wilmor alianza kumpenda kidogo, na hilo likamuudhi.

SAA SABA KASOROBO

Kando ya soko la Oriental lori la matikiti lilikuwa limepinduka. Watu walikuwa wakiokota matikiti huku wakimpa dereva pole. Hakuna gari lililosogea.

Begoña alijipepea kwa ramani. Alikuwa amechoka. "Si ukate hapa," alisema, "mtaa mmoja juu, tutokee palipokuwa na tanuri la Casimira."

Akaonyesha njia kwa midomo, upande wa mawio.

Wilmor akamtazama kwenye kioo. Mgeni, juu kwake ni mlimani. Ni mzaliwa wa Managua tu ambaye juu kwake ni jua linakochomoza. Na tanuri lile halimo kwenye ramani yoyote duniani.

Askari kanzu.

Yeye aliendelea kujipepea, hajui kilichomponyoka.

Soko lilikuwa pale pale kuume. Humo hata shetani hupotea, na polisi hawaingii bila kuomba dua. Mkono wa Wilmor ukashika kitasa cha mlango. Kisha akamkumbuka Eliseo. Wamempiga mpaka akataja! Au yuko kule ananisubiri, maskini, hajui.

Kompadre haachwi. Wilmor akakata kona kwenda juu. Alipokaribia akapiga honi mara tatu, ishara yao ya utotoni: mama anakuja, kimbia.

Eliseo hakukimbia. Alikuwa amekaa kivulini kati ya askari wawili, akinyonya juisi kwenye mfuko wa plastiki. Hakuwa na pingu. Hakuwa na hata alama ya kofi.

"Nilikupigia honi," Wilmor alisema, mikono imefungwa pingu mgongoni, shavu lake likiungua juu ya boneti. "Nilikupigia honi ukimbie, mjinga wewe!"

"Walinikamata wiki jana." Eliseo hakuinua macho. "Walitaka kichwa kimoja. Nikimtaja Doña, nimekufa. Wewe..."

"Mimi nini?"

"Wewe usingenifanya kitu, kompadre."

Ilikuwa kweli.

"Na Yorleni usimwazie," Eliseo akaongeza, kwa upole. "Mimi ndiye baba yake wa ubatizo. Atalala kwangu, atakula kwangu."

Hilo lilimuuma kuliko pingu, maana hapakuwa na mwingine wa kumwachia. Wilmor alilia, na hakulia kama mjane wa mchezo.

Begoña akatoa kalamu. Lafudhi ya Hispania ilikuwa imekwisha. "Unakaa wapi?"

"Kutoka palipokuwa na kompadre wangu," alisema Wilmor, "mtaa mmoja chini."

Mrija ukamtoka Eliseo mdomoni.