Hodei

Duka la simu lilikuwa limefurika wateja siku Ruphin alipoingia na simu inayotiririka maji ya bahari. Kijana wa Bukavu, kuli wa bandarini, ovaroli la rangi ya machungwa, na macho mazuri mno kujaa huzuni kiasi kile. Nyuma ya kaunta alikuwa Atupele, msichana wa Tukuyu, mdomo mkali, rasta hadi kiunoni.

"Hii imekufa, kaka."

"Angalia tena, dada. Tafazali."

"Nikiiangalia sana itafufuka?"

Ruphin akacheka, kisha machozi yakamtoka mbele za watu. Mwanamke gani angeweza kumwacha aondoke hivihivi? Mwaka haukuisha, wakawa wanaishi pamoja mtaa wa Cato Manor, huko ugenini kusini mwa Afrika, tumbo la Atupele likiwa la miezi saba.

Kasoro ilikuwa moja tu: Ruphin aliweweseka. "Hodi," aliita usingizini, "hodi..." Atupele alivumilia hadi akachoka.

"Mlango wa nani huo unaoubisha kila siku? Mwanamke gani huyo?"

"Mwanamke? Non, chérie! Ni Hodei. Iko jina ya mutu."

Ndipo akamsimulia. Hodei alikuwa baharia Mbaski, kutoka kaskazini mwa Uhispania. Kwa lugha ya kwao jina hilo ni wingu. Ruphin alipoteleza gatini na kutumbukia, na simu yake mfukoni, Hodei alijirusha majini akamsukuma juu. Yeye hakuonekana tena, wala mwili wake.

"Mutoto akiwa mwanaume, tumuite Hodei."

"Weee! Mtu hajazikwa, nimwite kila siku ndani ya nyumba yangu? Akija je?"

"Bila yeye, huyu mutoto hangekuwa."

"Basi kaishi na maiti wako!"

Atupele akahamia mtaa mwingine, Sydenham, kwa dada yake, Lulu. Hazikuwa hasira, ilikuwa hofu. Alimpenda Ruphin vibaya sana, lakini alikuwa na mtoto wa kulinda.

Wiki zikapita. Simu ikalia.

"Umekula, Atu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Hapana."

"Eish, Ruphin!"

"Uliniuliza akikuya je. Nitamuambia asante. Ile siku sikupata nafasi."

Atupele akakata simu ili asisikike akilia.

Mtoto wa kiume alizaliwa asubuhi ya mvua. Ruphin alimkuta Atupele kitandani, kanga ya njano mabegani, amechoka na amependeza.

"Umemupatia jina gani?" aliuliza kwa woga.

Atupele alimtazama mwanawe. Bado aliogopa.

"Hodei," akaita.

Mtoto akafumbua macho. Mlango wa wodi ukafunguka taratibu, ubaridi wa bahari ukaingia hadi kitandani. Hapakuwa na mtu. Ruphin akageukia mlangoni, midomo ikiumba neno asante.

Atupele akamkumbatia mtoto, akasogea kidogo kuacha nafasi ya kukaa.

"Karibu, shemeji," akasema.